Duara Linatoka Yai: Maswali ya Karakana

SWALI: Nimeunda nyumbani mashine ya CNC (inayoongozwa na kompyuta) ya kuchonga alumini. Ina skrubu za T8 (kipenyo milimita 8), mota za hatua za saizi ya NEMA 23 na bodi ya Arduino yenye GRBL, programu inayoongoza mota. Nikichonga duara la milimita 50, upande wa Y napata 50.0 lakini wa X 49.7. Nibadilishe namba ya hatua kwa milimita?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Usiiguse kwanza. Mota hupiga hatua 200 kwa mzunguko. Draiva, yaani kifaa kinachoendesha mota, ikigawa kila hatua mara 8, zinakuwa 1,600. Na kama skrubu yako inasogeza milimita 8 kwa mzunguko, $100, yaani mpangilio wa GRBL wa hatua kwa milimita upande wa X, inapaswa kuwa 200.

Sasa chonga duara la milimita 100. Pungufu likibaki 0.3, huo ni mchezo: meza ikigeuza mwelekeo, skrubu inazunguka kidogo bila kuisogeza. Likifika 0.6, hapo ndipo kagua namba. Ukiziba mchezo kwa namba, vipimo vingine vyote vitaharibika.

Wengi hukimbilia kununua nati mpya. Anza na ncha ya skrubu. Washa umeme ili mota ishike, sukuma meza kwa mkono mbele na nyuma, kidole kikiwa kwenye kaplingi, kiungo cha mota na skrubu. Ukihisi skrubu inasogea mbele na nyuma, mchezo uko hapo. Skrubu iliyoning'inia kwenye mota pekee lazima icheze, kwa sababu shafti ya mota ina nafasi ndogo ya kwenda mbele na nyuma, na kaplingi ya mikato hunyumbuka. Weka beringi mbili zinazohimili msukumo, zikabanwe pamoja kwa nati. Kaplingi ibaki na kazi ya kuzungusha tu.

Mchezo ukiwa bado upo, basi ni nati. Nati ya springi, inayoziba mchezo kwa kusukumwa na springi, inatosha kwa mbao. Kwenye alumini kisu huishinda springi hiyo. Funga skrubu ya mipira ya SFU1605 na vishikizo vya ncha zake vya BK12 na BF12, kisha andika $100=320, maana skrubu hiyo husogeza milimita 5. Usitegemee programu: GRBL ya kawaida haifidii mchezo.

SWALI: Mota zinakwama nikiongeza kasi. Pawa saplai ni volti 24.

JIBU: Kasi ikipanda, koili hazipati muda wa kujaa mkondo, nguvu inashuka. Punguza namba za mipangilio ya $120, $121 na $122 (kiwango cha kuongeza kasi cha X, Y na Z), au weka volti 36 kama draiva inaruhusu. Usichomoe kamwe waya wa mota umeme ukiwaka, draiva huungua.