Tuanze na nguzo, maji baadaye

Mhariri, wiki hii mmeuliza: “Mani planti ya sebuleni imwagiliwe mara ngapi kwa wiki?” Swali hili linanikera kidogo, maana limeanzia mwisho. Mani planti (ule mmea wa mapambo unaotambaa) nyingi za hapa Tanga hazina shida ya maji, zina shida ya mahali pa kuparamia. Kwao ni kisiwa cha Moorea, karibu na Tahiti, na maisha yao ni kuparamia miti. Ile iliyoachwa uani ikapanda mwembe hutoa jani linalozidi futi moja, tena lenye michaniko. Ya sebuleni, iliyoning'inizwa juu ya kabati, ina majani kama ya tambuu. Mmea ni uleule. Ukiparamia, jani jipya huwa kubwa kuliko lililotangulia; ukining'inia, hupungua. Hata umwage pipa zima.

Sebuleni, badala ya mwembe huwekwa nguzo ya kuparamia, nayo ina mambo yake. Nyumba moja ya mtaa wa Ngamiani, hapa mjini, walishauriwa vizuri tu: wekeni nguzo. Wakatafuta mti, wakauzungushia makumbi ya nazi, wakafunga kwa kamba ya katani. Ikapendeza. Haukupita muda, ncha za majani zikageuka kahawia na kukauka. Jirani akasema maji yamezidi, wakapunguza. Ncha zikaendelea kuungua. Mwingine akasema hayatoshi, wakaongeza, wakawa wanamwaga juu ya nguzo. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, na ukingoni mwa chungu ukatokea ukoko mweupe. Waliotazama maji walikuwa wanatazama siko. Makumbi yale yalitoka ufukweni, yale yanayofukiwa mchangani yaoze ili yasokotwe kamba, na yalikuwa yamejaa chumvi. Kila walipomwagilia nguzo, chumvi iliteremka mizizini.

Dawa yake ilikuwa kuvua makumbi yote, kuyaloweka siku nzima kwenye ndoo ya maji baridi, kumwaga, na kurudia mara tatu. Ukikamua na kuonja, usisikie chumvi. Chungu cha lita 5 kikapitishiwa lita 15 za maji, taratibu, yatoke chini. Jani lililoungua halirudi kijani. Kinachotazamwa ni jani jipya. Na katani, japo huu ni mji wa mkonge na inaniuma kusema, haifai hapo: ikishinda na unyevu huoza, nguzo ikafumuka. Tumieni uzi wa nyavu wa wavuvi.

Mti wenyewe nao utaoza siku moja. Bora bomba la plastiki la inchi 2, urefu mita 1.2, sentimita 25 ziingie chunguni. Toboa matundu kila sentimita 5, zungushia makumbi unene wa sentimita 3, kaza uzi. Udongo uwe mboji sehemu mbili, mchanga wa mto sehemu moja (wa pwani msiuguse), vipande vya mkaa kidogo, na chungu kiwe na tundu. Kwenye shina, kila fundo (pale panapotokea jani) lina kichipukizi cha mzizi: upande huo ndio uguse nguzo. Funga shina kwa kitambaa laini, usifunge kikonyo cha jani. Shina refu lililozoea kuning'inia lisilazimishwe. Kateni ncha yenye mafundo matatu, iwekeni majini hadi itoe mizizi, kisha ipandeni upya. Utomvu unawasha, na jani likitafunwa huchoma mdomo, kwa hiyo watoto na paka wawe mbali.

Nguzo ikikauka, mizizi haishiki, na tumerudi kwenye kuning'inia. Kwa hiyo maji yana neno kuliko nilivyosema mwanzoni, ila ni maji ya nguzo. Mkinibana nitaje namba, basi: nguzo mara tatu kwa wiki, kikombe kimoja kikimiminwa polepole juu ya bomba, chungu mara moja, baada ya kuchomeka kidole na kukuta sentimita 3 za juu zimekauka. Penye feni inayozunguka mchana kutwa, nguzo itataka kila siku. Masika chungu kinaweza kukaa wiki mbili bila kuguswa. Majani ya chini yakiwa manjano na shina limelainika, acheni kumwagilia, utoeni mmea mkague mizizi. Na kama maji yenu ni ya kisima cha magadi, namba yangu haiwahusu: kingeni ya mvua.