Kwa nini maziwa yanakatika nikitia tangawizi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi nauza chai na vitafunwa karibu na soko la Tengeru. Nimehamia huku mwaka jana nikitokea Tanga, na kule nilipika chai miaka sita bila shida. Huku maziwa yananikatika. Si kila siku, ila wiki haipiti bila kumwaga sufuria, na huwa ni siku niliyotia tangawizi. La pili, chai yangu imekuwa nyeusi, haina ule wekundu wa kule, na nikipunguza majani wateja wanasema nimewapa maji ya moto. Jirani zangu wanasema ni mwinuko, maji ya huku hayachemki sawasawa. Wengine wanasema wauza maziwa wanatia kitu. Naomba unisaidie. Na wewe mwenyewe unapenda chai gani, na unaipikaje?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na jirani zako, maana mlima unasingiziwa mengi.

Ni kweli maji hayachemki kwa joto lilelile kila mahali. Tanga, usawa wa bahari, yanachemka kwenye nyuzi 100. Ukipanda kila mita 300 hivi unapoteza nyuzi moja. Hapa Moshi mjini sufuria yangu inatokota kwenye nyuzi 97. Ninyi Tengeru mko kama 96. Arusha mjini, mita 1,400, ni 95 na kitu. Wagumu wanaopandisha mizigo ya watalii Kilimanjaro wakifika kambi ya Barafu, mita 4,673, maji yao yanachemka kwenye nyuzi 84 au 85, na chai wanakunywa. Hizo nyuzi nne ulizopoteza zinadai dakika moja zaidi kwenye majani, basi. Hazikati maziwa.

Swali lako halikusema unaanza kutia nini, kwa hiyo nilikuuliza kabla ya kuandika. Ukanijibu: maji na maziwa pamoja yakiwa baridi, sufuria ikianza kupata moto unatia tangawizi mbichi iliyotwangwa, majani mwishoni. Nikauliza na Tanga je? Ukasema Tanga ulikuwa unatumia tangawizi ya unga. Hapo nikajua tumemaliza nusu ya kazi.

Umewahi kulainisha nyama ngumu kwa papai bichi? Utomvu wa papai una kimeng'enya kinachokatakata protini. Tangawizi mbichi nayo ina cha kwake, wataalamu wanakiita zinjibaini, na ni ndugu wa kile cha papai. Kikikutana na maziwa kinavunja ile protini inayoyafanya yabaki maji, na maziwa yanashikana mabonge. Kinafanya kazi kwa nguvu zaidi maziwa yakiwa na joto la nyuzi 60 hadi 70 hivi, yaani yakianza kutoa mvuke lakini bado hayajachemka. Joto likizidi hapo kinaanza kufa, na kikichemshwa dakika chache kimekwisha kabisa. Wachina wa Guangdong wanaitumia tabia hiyo makusudi: wanapasha maziwa, wanayamimina juu ya maji ya tangawizi mbichi, na baada ya dakika chache wanapata kitu laini cha kula kwa kijiko. Wewe unapika chakula hichohicho bila kukusudia, halafu unakimwaga.

Sasa tazama mpango wako. Unatia tangawizi kwenye maziwa ya uvuguvugu, halafu jiko la mkaa linayapandisha taratibu. Mkaa ukiwa umekolea, sufuria inapita kwenye ule ukanda wa hatari haraka na unanusurika. Mkaa ukiwa na unyevu, au sufuria ikiwa imejaa, inakaa hapo dakika kumi na maziwa yanakatika. Ndiyo maana si kila siku. Tangawizi ya unga haikukusumbua kwa sababu katika kukaushwa na kusagwa, sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupotea, ingawa ukali wake unabaki na hata kuongezeka.

Dawa yake ni kugeuza mpango. Kwa lita nne za chai, weka jikoni lita mbili na nusu za maji na tangawizi mbichi gramu 100, iliyooshwa na kutwangwa. Muuza duka akupimie mara moja kwenye mizani, ukishaona wingi wake hutahitaji kupima tena. Ichemke dakika nane hadi kumi, na nasema ichemke, isiwe inatoa mvuke tu. Kama unatia mdalasini wa magome na karafuu, vitie hapohapo, vinapenda kuchemka sana. Kisha tia majani gramu 40, ambayo ni kama vijiko sita vya chakula visivyorundikwa, yachemke dakika tatu, kwa mwinuko wenu tuseme nne. Wakati huo maziwa lita moja na nusu yawe yameshachemka kwenye sufuria yake. Yamimine yakiwa ya moto, yapande pamoja mara moja, epua. Hiliki iliyotwangwa itie ukishaepua, funika dakika mbili, chuja. Watu wanachemsha hiliki tangu mwanzo halafu wanalalamika kwamba siku hizi hiliki haina harufu. Harufu iko kwenye dari ya jiko lao.

Ukifuata hivyo na maziwa bado yakakatika, hapo mshuku mwenye maziwa, lakini si kwa sababu wanayosema jirani zako. Maji yakiongezwa kwenye maziwa hayayakati, yanakupa chai nyepesi tu. Kinachokata ni uchachu. Maziwa ya jioni yaliyolala kwenye dumu bila kupozwa, yakachanganywa na ya asubuhi, yanaweza kuonekana mazima na kunukia vizuri, lakini tayari yameanza kuelekea mgando. Yakipata moto, na yakikutana na chai ambayo nayo ina uchachu wake mdogo, yanaachia. Kabla ya kuyamimina yote, chukua vijiko viwili uvichemshe kwenye kikombe cha bati. Yakishikana, yafanye mtindi. Vituo vya kukusanyia maziwa hufanya kipimo cha jamii hiyo kwa spiriti, wewe moto unakutosha. Usiyaokoe kwa magadi soda kama wafanyavyo wengine. Hayatakatika, ni kweli, lakini utaona sasa hivi magadi yanavyoifanya chai.

Maana swali lako la pili ni la magadi, ingawa hukulitaja. Nimefanya kazi ya kuonja chai kiwandani Mufindi kwa miaka mingi, na kitu cha kwanza tulichofundishwa kukitilia shaka, chai ikionekana vibaya, ni maji. Wekundu unaoukumbuka unatokana na vitu viwili vinavyozaliwa jani linapochachushwa kiwandani: theaflavini, ambayo ni ya dhahabu na ndiyo inayoipa chai mng'aro na ule uchangamfu mdomoni, na tearubijini, ambayo ni ya hudhurungi na ndiyo inayoipa uzito. Maji yenye uchachu kidogo yanaipa chai rangi ya kung'aa. Maji yenye asili ya magadi yanaiviza rangi, inakuwa nyeusi na mfu, na mdomoni inakuwa kama imelala. Jaribu mwenyewe: mimina chai ya rangi kwenye vikombe viwili, kimoja kamulia tone la ndimu, kingine tia chembe za magadi soda. Utadhani ni chai mbili tofauti.

Na maji ya upande wenu, mama, mengi yamepita kwenye miamba ya volkano ya Meru. Yanatoka na magadi, na mara nyingi na floraidi pia. Ukitoka huku kwetu kwa basi, kabla ya kufika Usa River unapita Maji ya Chai. Watu hawakuupa mto ule jina hilo kwa sababu kuna majani ya chai. Ni rangi yake. Ndiyo maji yaleyale yanayoacha watu wengi wa Arumeru na meno ya kahawia, na yakizidi sana yanaharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha floraidi kwenye miligramu 1.5 kwa lita, na vipo vyanzo Arumeru vinavyokipita mbali.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu unalisha watu. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua kwa mvuke, floraidi inabaki, kwa hiyo chai iliyochemshwa saa nzima ina floraidi nyingi kwa kikombe kuliko maji uliyoanza nayo. Juu ya hapo, mti wa chai wenyewe hunyonya floraidi kutoka udongoni na kuilimbikiza kwenye majani, hasa yaliyokomaa. Kwa mtu mzima anayekunywa maji salama hilo si la kumkosesha usingizi. Kwa mtoto ambaye meno yake yanaota na anakunywa maji ya aina hiyo kila siku, chai ya rangi asubuhi na jioni ni mzigo juu ya mzigo. Jiweke mahali pa mteja: kinga maji ya mvua masika, ambayo karibu hayana floraidi wala magadi, uyatumie ya chai peke yake. Au tafuta chujio la mkaa wa mifupa. Pale Ngurdoto, si mbali na kwako, kuna kituo ambacho kimelifanyia utafiti jambo hili kwa miaka mingi. Chujio la kawaida la mshumaa linatoa tope na vijidudu, floraidi haliigusi. Chemchemi nazo zinatofautiana hata zikiwa jirani, kwa hiyo usiamini chemchemi kwa sababu maji yake ni baridi na matamu. Yapimwe.

Pika siku moja kwa maji ya mvua, siku ya pili kwa ya bomba, majani yaleyale. Nadhani wekundu wako utarudi bila kuongeza hata kijiko.

Kuhusu majani yenyewe sitasema mengi. Kwa chai ya maziwa ya biashara nunua yaliyosagwa madogo, yanatoa rangi upesi na kuhimili maziwa. Sisi kiwandani tunaanza na BP1 ambayo ni punje kubwa, PF1 ambayo ni ndogo zaidi, kisha PD na D1 ambazo ni vumbi. Vumbi si takataka kama wengi wanavyodhani, ni ukubwa tu wa punje. Lakini vumbi likichemka dakika kumi linakupa ukakasi ule unaokausha ulimi, na wapishi wengi wanauita uchungu kisha wanauzika kwa sukari. Na usihifadhi chai ikiwa na majani ndani ya chupa. Kwa biashara kama yako ningeweka rangi nzito iliyochujwa kwenye chupa moja, maziwa kwenye nyingine, nikaunganisha mteja akishakaa. Chai iliyokwisha kuchanganywa, ikifika saa nne asubuhi, imeshachoka.

Umeniuliza napenda chai gani. Mzee aliyezaliwa nchi ya kahawa hana haki ya kuwa na majibu, babu yangu alikuwa na migomba na mibuni na chai aliiita maji ya wagonjwa. Mashamba makubwa ya chai yako mbali na sisi: Mufindi, Njombe, Rungwe, na huko Usambara ambako Wajerumani waliijaribu Amani miaka ya mwanzo ya 1900. Kazi ndiyo iliyoniharibu.

Kazini tunaonja kwa kipimo cha kimataifa: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, dakika 6 kamili, halafu unafyonza kwa kijiko kwa kelele ambayo mama yako angekupiga kofi. Chai hiyo ni kali, ni ya kutafutia makosa, si ya kunywa. Nyumbani natumia nusu ya hapo, au chini kidogo. PF1 ya Mufindi, iliyochumwa wakati wa baridi, miezi ya Juni na Julai, mti unapokua polepole na jani kuwa na ladha zaidi. Buli nalisuuza kwanza kwa maji ya moto, kwa sababu tayari nimeanza na nyuzi 97 na sitaki udongo uninyang'anye nyingine tano. Dakika nne, limefunikwa. Hakuna sukari wala maziwa. Wageni wananionea huruma.

Jioni nataka mchaichai. Nakata majani mawili marefu nyuma ya nyumba, nayafunga fundo, nayatia kwenye chai ya rangi nikiwa nimeshaepua, nafunika. Ukichemsha mchaichai unabaki na ladha ya nyasi. Chai ya kijani nainywa nikipewa. Hiyo inataka maji ya nyuzi 80 hivi, kwa hiyo yakishachemka yaache dakika kadhaa kwanza. Rozela ni nzuri, lakini si chai, ni ua, na usiikutanishe na maziwa kamwe, ina uchachu mkali.

Na Julai, mvua ya rasharasha ikishuka kutoka mlimani na huwezi kuuona hata ukitaka, ninakunywa chai kama yako: ya maziwa, na tangawizi iliyochemka dakika kumi kwenye maji kabla maziwa hayajaiona. Ukipita Moshi ukiwa na vitumbua vya Tanga, nitaipika.