Nani alitunga "He Stopped Loving Her Today"

Wapo wanaosema wimbo huu wa kantri ("Aliacha Kumpenda Leo") uliandikwa na mwimbaji wake, Mmarekani George Jones. Hapana, Jones aliuimba tu. Watunzi ni Bobby Braddock na Curly Putman, kwa hiyo hadithi ya kwamba aliuandika kumlilia Tammy Wynette, mwimbaji aliyekuwa mke wake, haina msingi. Waliachana kweli, 1975, na kibao kikatoka 1980, ndiyo maana watu wanaunganisha.

Na kama kuna anayesema kwamba jamaa anayeimbwa kwenye wimbo "hatimaye alimsahau" mpenzi wake, asikilize tena. Hakumsahau. Aliacha kumpenda kwa sababu siku hiyo alikufa! Shada limeshatundikwa mlangoni, na yule mwanamke anakuja kumwona mara ya mwisho. Sehemu hiyo Jones haimbi, anaongea.

Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliuona wimbo wa huzuni kupita kiasi, akadhani hautauzika. Prodyuza Billy Sherrill ndiye aliyeng'ang'ania. Ukashika namba moja kwenye chati ya kantri Marekani, na Jones akapata Grammy.

Ila sibishi kwamba alipoimba huenda Tammy alikuwa kichwani. Sauti ile, mh.