Kichekesho kwanza, simu baadaye

Vijana wanaotaka kuingia kwenye uchekeshaji hapa Nairobi huniuliza kama waanzie TikTok au YouTube. Jibu langu huwaudhi: anzia kwenye baa isiyo na wateja, Jumanne usiku.

Mimi huchekesha na kuandika vitabu. Mitandao ya kijamii naitumia kama bango la barabarani: niko wapi, saa ngapi, kiingilio ni pesa ngapi. Wenzangu huniona mshamba, na sina ugomvi nao. Kuna waliotoboa kupitia simu. Elsa Majimbo alijulikana dunia nzima mwaka 2020 akiwa nyumbani kwao, akitafuna krisps mbele ya kamera. Hongera kwake. Lakini wewe unayetaka kazi hii ikulishe ukiwa na miaka hamsini, hebu nikuonyeshe kichekesho kinavyopikwa.

Nina kimoja cha matatu ya Rongai. Makanga anapokea noti yangu na kusema, "Chenji ukishuka, buda." Zamani nilikuwa naweka maelezo marefu hapo: foleni ya Lang'ata Road, muziki wa kupasua masikio, mama aliyekaa kando yangu na mzigo wa sukuma. Watu walitabasamu kwa adabu tu. Nikaanza kupunguza. Foleni ikatoka, muziki ukatoka, mama naye akashushwa na mzigo wake. Siku hizi nasema maneno ya makanga, nanyamaza, kisha napitisha kiganja taratibu juu ya upara wangu. Halafu: "Nilipanda nikiwa na nywele." Mara nyingi kicheko huja kiganja kikiwa bado kichwani, na sentensi yenyewe haisikiki.

Kinachowachekesha ni kile kimya. Ukumbini watu wamelipa, wamekaa, wanakungoja. Kwenye simu, kimya hicho hicho ndipo kidole kinapopandisha klipu nyingine. Ndiyo maana wachekeshaji wengi waliokulia kwenye simu, ukiwapa maiki na dakika ishirini, huongea mbio mbio kana kwamba wameambiwa wakipumua watafukuzwa. Kosa si lao, ndivyo walivyofundishwa. Takwimu za klipu zitakwambia watu waliondoka sekunde ya ngapi. Sababu hazisemi. Mtu wa meza ya mbele akianza kusoma lebo ya chupa yake, sababu unaiona.

Halafu kuna suala la kumaliza akiba. Mwanamuziki akirudia wimbo wa zamani watu wanaimba naye. Mimi nikirudia kichekesho mlichokwisha kukiona kwa simu, mnanitazama kama mtu anayewadai. Televisheni nayo ilikuwa na tabia hiyo ya kula vichekesho. Waliopitia Churchill Show wanajua kazi ya kusaka vitu vipya kila rekodi. Ila televisheni ilikuwa na siku yake. Simu hudai kila asubuhi, na ukikaa wiki moja bila kuweka kitu, unasahaulika.

Na jukwaa lenyewe si lako. Waulize waliojenga jina kwenye Vine, ile ya video za sekunde sita. Mwaka 2016 wenyewe walitangaza wanaifunga, na ikafungwa kweli. Pesa nazo zina masharti: njia ya kawaida ya kuanza kugawiwa hela za matangazo YouTube ni wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Zikifika huku kwetu, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla hela hazijakufikia, ya asilimia 5 kwa mkazi anayelipwa kwa maudhui ya mtandaoni. Simwambii mtu asilipe kodi. Namwambia apige hesabu kabla hajaacha kazi.

Ninayemtazama mimi ni Wahome Mutahi. Safu yake ya Whispers gazetini ilikuwa na mke aitwaye Thatcher na binti aitwaye Pajero, na nyumba nyingi za Kenya zilijiona humo. Alishawekwa ndani mwaka 1986, enzi za msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, na akatoka akaendelea kuandika. Aliandika riwaya, akapeleka michezo ya kuigiza kwenye baa, watu wakacheka mbele ya nyama choma. Alifariki mwaka 2003, mwaka mmoja kabla Facebook haijaanzishwa. Hadi leo watu wa rika langu wanakutajia vituko vya Whispers bila kufungua simu.

Kwa hivyo andika. Kitabu cha vichekesho hakiwi vichekesho vya jukwaani vilivyonakiliwa. Upara wangu hauonekani kwenye karatasi, kwa hiyo hadithi ya makanga niliiandika upya kabisa, na yule mama wa sukuma akarudishiwa kiti chake. Usitegemee sana wachapishaji wakubwa, kwa kuwa biashara yao kubwa ni vitabu vya shule. Ukichapisha mwenyewe, nambari ya ISBN hutolewa na KNLS, maktaba ya taifa. Maduka kama Nuria pale Moi Avenue huuza vitabu vya waandishi waliojichapishia. Lakini meza bora zaidi ni ile ya mlangoni baada ya shoo, watu wakiwa bado wanapangusa machozi. M-Pesa inaingia hapo hapo.

Meza hiyo hiyo iwe na daftari la namba za simu. Waombe ruhusa kwanza, maana Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haichezi, kisha uwatumie ujumbe ukiwa na shoo nyingine. Jina lililo kwenye daftari lako halipotei kwa sababu kampuni fulani ng'ambo imebadilisha mitambo.

Kuhusu wanaokurekodi: Dave Chappelle, mchekeshaji wa Marekani, hufungia simu za mashabiki kwenye vifuko. Jaribu hilo Nairobi uone. Mtu atalipaje bia yake? Ataitaje teksi? Mimi huomba tu, kwa utani, na wengi huziweka mfukoni. Bado kuna jamaa aliwahi kurusha nusu ya kichekesho changu, ile nusu mbaya, nikatukanwa wikendi nzima na watu ambao hawakusikia nusu ya pili. Sikujibu. Nusu ya pili niliwawekea waliokuja shoo iliyofuata, na walikuwa wengi kuliko kawaida.

Sasa hiyo baa ya Jumanne. Usimwombe mwenye baa akulipe. Mwambie hivi: pesa za mlangoni zangu, za vinywaji zako. Jumanne hana la kupoteza, kwa hiyo wengi hukubali. Beba maiki yako, maana ya kwao itakuwa imekufa.