Mwajiri Anayefundisha Arudishiwe Sehemu ya Tozo Yake

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza iwapo ushirikiano wa serikali, viwanda na vyuo vya ufundi unamwandaa kijana wa Kitanzania kwa kazi zilizopo sokoni. Jibu langu ni kwamba ushirikiano huo upo kisheria kwa miaka mingi, lakini umejengwa kwa namna inayomfanya mwajiri awe mlipaji tu, na mlipaji asiyeona alicholipia ni vigumu awe mwalimu mwenye ari.

Msingi uliwekwa na sheria ya mwaka 1994 iliyounda VETA, yaani Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi. Pamoja na vyuo ilikuja tozo ya kuendeleza ufundi stadi, ambayo wengi tunaiita SDL, inayokokotolewa kwenye jumla ya mishahara na kubebwa na mwajiri mwenyewe bila kumkata mfanyakazi. Kiwango chake kiliwahi kufika asilimia 6, kikapunguzwa hatua kwa hatua hadi asilimia 3.5 mwaka 2023. Kila kinapopunguzwa waajiri hushangilia, nami naelewa kwa nini, ila naamini mjadala wa kiwango umeufunika mjadala mkubwa zaidi, yaani fedha hizo huenda wapi. Kwa miaka mingi theluthi moja tu ndiyo iliyopelekwa VETA, na theluthi mbili zikaenda Hazina, ambako zilisaidia kugharimia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Simwonei choyo mwanafunzi wa chuo kikuu, lakini fedha iliyochangwa kwa jina la ufundi stadi ilipaswa kuonekana kwanza karakanani.

Nasema haya nikiwa msimamizi wa karakana ya magari Dar es Salaam, ambako kila mwaka tunapokea vijana wa mafunzo kwa vitendo. Kijana huja na barua ya chuo na daftari la kuandikia kazi za kila siku, bila sisi kuwa tumeulizwa hata mara moja anachofundishwa darasani wala tunachohitaji ajue. Mwalimu wake akija kumkagua, hutia saini daftari na kuondoka. Fundi ninayemkabidhi kijana huyo hulipwa kwa gari alilomaliza, si kwa saa alizokaa kazini, hivyo kila dakika anayosimama kueleza kwa nini breki zinavuta upande mmoja ni fedha inayompita. Matokeo yake kijana hutumwa kuosha vipuri, kufuata spana na kununua chai, na baada ya majuma kadhaa anarudi chuoni na daftari lililojaa maandishi ya kazi alizozitazama kwa mbali. Simlaumu fundi. Ana watoto wanaomtegemea, na hakuna aliyemlipa awe mwalimu. Tena wapo vijana wanaokaribia kuhitimu ambao hawajawahi kushika kifaa cha kusoma hitilafu za gari kwa kompyuta, ilhali magari mengi yanayoingia getini kwetu hayatengenezeki bila kifaa hicho.

Kwamba mwajiri na chuo wanaweza kumfundisha kijana kwa pamoja, tumekwisha kuliona hapa nchini. Kampuni za migodi, kupitia chemba yao ya madini, ziliungana na VETA kuanzisha katika chuo cha Moshi mafunzo ya mafundi wa migodini, kwa sababu zilichoka kuagiza mafundi kutoka nje. Vilevile VETA ilishirikiana na chemba ya mafundi ya Hamburg, Ujerumani, kuendesha uanagenzi ambao kijana hupishanisha vipindi vya chuoni na vipindi vya kazini kwa mwajiri. Ninachokiona kuwa siri ya mipango ya namna hii ni kwamba mwajiri huingia tangu mwanzo, akajua kijana ni nani, atafundishwa nini na nani atampima. Tatizo ni kwamba imebaki midogo mno ikilinganishwa na idadi ya vijana wanaotafuta ufundi.

Ndiyo maana napendekeza tuangalie kwa majirani zetu. Kenya hutoza mwajiri shilingi 50 za Kenya kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kiasi kidogo sana, lakini mwajiri anayechangia anaweza kuiomba mamlaka yao ya mafunzo ya viwandani, NITA, imrudishie gharama za mafunzo yaliyoidhinishwa. Sisi tunatoza zaidi na kurudisha kidogo. Karakana inayompokea mwanagenzi kwa mkataba, ikamteulia fundi wa kumfundisha na kukubali kukaguliwa, ipunguziwe SDL kwa kiasi kinachojulikana, na sehemu ya nafuu hiyo iwe posho ya fundi anayefundisha.

Nafuu hiyo, hata hivyo, haitazifikia gereji ndogo, kwa kuwa tangu 2021 mwajiri mwenye wafanyakazi wasiofika 10 halipi SDL kabisa, na huko chini ya miembe ndiko vijana wengi wanakojifunzia. Kwa gereji hizo fedha itoke moja kwa moja kwenye mfuko wa tozo, imlipe fundi mkuu kwa kila mwanagenzi anayefaulu mtihani wa VETA. Utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunza nje ya mfumo rasmi tayari upo. Kinachotakiwa ni kuwapa wale wale waliothibitishwa nafasi ya kufundisha kwa malipo. Haraka inahitajika, kwa sababu mtaala wa mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na stadi za kazi, ulianza katika baadhi ya shule za sekondari mwaka 2024, na wanafunzi hao watakapohitaji kushika zana halisi, shule nyingi hazitakuwa na karakana ya kuwatosha. Wizara ya Elimu na Hazina zikae sasa na waajiri, pamoja na wawakilishi wa mafundi wa gereji, zikubaliane kiwango cha posho hiyo na nani atagharimia bima ya kijana akiumia chini ya gari.