Kabla Hujaifungua Ramune

Wageni wengi niliowaona wakifungua ramune, soda ya Kijapani ya chupa yenye gololi, kwa mara ya kwanza huishia na nusu ya soda mikononi na kwenye shati. Wakionja iliyobaki wanasema, "Mbona ni kama Sprite tu?" Hawajakosea. Ramune ya kawaida ni maji yenye gesi, sukari, asidi ya sitriki na ladha ya limau na ndimu ya kiwandani. Ukiinunua kwa ajili ya ladha peke yake utajiona umepigwa, hasa ukiipata kwenye duka la vyakula vya Asia nje ya Japani, ambako bei yake huwa imeshapanda. Ramune inanunuliwa kwa sababu ya chupa. Ushauri wangu wote unaanzia hapo, na nimeuokota nilipokuwa mwanafunzi Osaka, jiji ambalo joto lake la Agosti halimtishi mtu wa Tanga ila jasho linamkera vilevile.

Basi itazame chupa kwanza. Ni ndogo, ujazo wake kama mililita 200, kioo chake mara nyingi kina rangi hafifu ya kijani au buluu. Mdomoni, kwa ndani, kuna gololi ya kioo (Wakenya, ile bano yenu) iliyoziba njia yote. Hakuna kizibo kingine. Kinachoishikilia ni gesi yenyewe: kiwandani chupa hujazwa soda, kisha hupinduliwa kichwa chini, gololi inaporomoka hadi mdomoni, na gesi inaisukuma ikandamize pete ya raba. Kadiri gesi inavyotaka kutoka ndivyo inavyozidi kujifungia. Chini kidogo ya mdomo kuna chumba cha shingoni chenye vibonyeo viwili upande mmoja, halafu shingo imebanwa ili gololi isidumbukie tumboni mwa chupa. Vibonyeo hivyo vikumbuke, nitavirudia.

Aliyebuni chupa hii si Mjapani. Ni Mwingereza, Hiram Codd, aliyeisajili London mwaka 1872. Kabla yake soda ilizibwa kwa koki, na koki ikikauka inasinyaa, gesi inatoroka, mteja analetewa maji ya sukari. Gololi ilimaliza tatizo hilo. Ikaleta lingine: watoto wa Uingereza walizivunja chupa kwa makusudi ili wapate gololi za kuchezea, na wenye viwanda wakawa wanalia hasara. Kisha mwaka 1892 William Painter wa Baltimore, Marekani, akasajili kile kizibo cha bati chenye meno tunachokibandua hadi leo kwenye soda za chupa. Ni cha bei nafuu na kinatupwa. Ulaya ikaachana na gololi. Waliobaki nayo kwa ukaidi ni Wahindi, ambao Delhi bado wanauziana soda yao ya banta, na Wajapani.

Soda yenyewe iliingia Japani kupitia bandari. Anayetajwa zaidi ni Alexander Cameron Sim, mfamasia Mskoti aliyekuwa na duka katika makazi ya wageni mjini Kobe, na aliyeanza kuiuza mwaka 1884. Nagasaki nao wana madai yao kwamba maji ya limau yenye gesi yaliuzwa kwao mapema zaidi. Watu wa bandari mbili hawawezi kukubaliana, hilo tunalijua. Sim hakuwa mtu wa dukani tu. Mwaka 1870 ndiye aliyeanzisha klabu ya michezo na mbio za mashua ya wageni wa Kobe, na mnara wake wa kumbukumbu uko hadi leo katika bustani ya Higashi Yuenchi, katikati ya jiji. Ukifika Kobe upitie. Hauna kiingilio, na ukitoka hapo unaweza kutembea kwa miguu hadi bandarini.

Kilichoipa ramune soko la nchi nzima ni kipindupindu. Mwaka 1886 ugonjwa huo uliua zaidi ya watu 100,000 Japani, na gazeti moja likaandika kwamba kinywaji chenye gesi kinakinga. Watu wakakigombania. Tusiwacheke haraka: vijidudu vya kipindupindu kweli havipendi tindikali, na soda iliyofungwa vizuri huenda ilikuwa salama kuliko maji ya kisima chenye uchafu. Lakini soda si dawa, wala sukari yake haichukui nafasi ya maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini. Chupa ya gololi ilifuata baadaye kidogo. Mwanzoni iliagizwa Uingereza, kisha mafundi wa vioo wa Osaka wakajua kuitengeneza wenyewe.

Jeshi la majini nalo liliipenda. Manowari kubwa Yamato ilikuwa na mtambo wake wa kutengeneza ramune humo humo melini, kwani gesi ya kaboni ilikuwepo tayari kwa ajili ya kuzimia moto. Mabaharia waliipata baharini ikiwa imetoka tu mtamboni.

Sasa swali ambalo lilinisumbua kwa muda: kwa nini kampuni kubwa za Japani, zenye soda zao kila kona, haziuzi ramune? Jibu liko kwenye sheria. Mwaka 1977 Japani ilipitisha sheria ya kulinda biashara ndogo na za kati zisimezwe na wakubwa, na ramune ikawa miongoni mwa bidhaa walizoachiwa wadogo. Mimi naona hilo ndilo lililoiokoa kuliko hata mapenzi ya watu. Kwa hiyo dukani soma lebo. Kuna Hata Kosen wa Osaka, kuna Kimura wa mkoa wa Shizuoka, na wengine wadogo zaidi wanaouza mkoani kwao tu. Tofauti yao ni ukali wa gesi na kiasi cha sukari. Ukikuta ya kiwanda usichokijua katika mji mdogo, chukua hiyo. Na ukikuta ya ladha ya wasabi au ya mchuzi wa kari (zipo, Kimura anazitengeneza), mnunulie rafiki yako umpige picha, wewe kunywa ya kawaida. Pia epuka ya chupa ya plastiki kama ya kioo ipo. Gololi ikigonga kioo ndipo unapopata ule mlio uliolipia.

Kufungua ni hivi. Iweke kwenye friji saa kadhaa, au bora kwenye ndoo ya maji na barafu, lakini usiipeleke kwenye friza, itapasuka. Ukiitoa usiitikise. Bandua karatasi ya plastiki ya juu. Utakuta kidude cha plastiki cha kusukumia kikiwa na pete. Kitenganishe na pete. Weka chupa mezani au chini, kamwe usiishike hewani, chomeka kidude mdomoni, weka kiganja juu yake, mkono mwingine ushike chupa, kisha sukuma kwa nguvu mara moja. Utasikia "pok" na gololi itaanguka kwenye chumba chake. Hapa ndipo watu wanapoharibu: wanafurahi, wanaondoa mkono, na soda inapanda yote. Usiondoe kiganja. Kandamiza tu, sema na mwenzako mawili matatu, sikiliza povu likitulia, ndipo uachie.

Kunywa nako kuna namna. Vile vibonyeo viwili vielekee chini unapoinamisha chupa. Gololi itajiegemeza pale na kukaa. Vikielekea juu, gololi inateleza mdomoni na kuziba, unabaki unanyonya hewa huku watoto wa Kijapani wanakutazama kwa huruma. Usiibinue chupa sana, na kunywa taratibu. Chupa inakulazimisha hivyo hata ukiwa na kiu ya kumaliza pipa.

Mahali pazuri pa kuinywa ni sherehe za kiangazi, Julai na Agosti, kwenye vibanda vilivyopangwa kuelekea hekaluni. Chupa zinaelea kwenye beseni la barafu, muuzaji anachomoa moja ikidondosha maji, na wasichana waliovaa yukata, kimono nyepesi za kiangazi, wanachagua kama wanaochagua samaki. Bei hapo ni maradufu ya dukani au zaidi. Lipa bila kununa. Ramune ya dukani inayonywewa Januari chumbani, heater ikiwaka, haina maana yoyote, na Wajapani wenyewe wanakubali: katika mashairi yao ya haiku ramune ni neno la majira ya joto.

Ukiwa na watoto watataka gololi. Baadhi ya chupa zina mdomo wa plastiki unaozungushwa ukafunguka, mara nyingine kwa upande tofauti na uliouzoea, nyingine zimefungwa moja kwa moja. Usivunje chupa. Na gololi ikishatoka isimfikie mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni.

Kuhusu zawadi za nyumbani: kwenye begi la mkononi ramune haipiti, maana kikomo cha vimiminika kwenye ndege za kimataifa zinazotoka Japani ni mililita 100 na chupa hii imezidi. Kwenye begi kubwa inawezekana, ila ni kioo chenye gesi ndani na wapakia mizigo hawajui ulichobeba. Mimi siku hizi nabeba vidonge vya ramune vya Morinaga, peremende zinazouzwa tangu 1973 ndani ya kichupa cha plastiki chenye umbo lilelile la chupa. Sehemu kubwa ni glukosi, na zinayeyuka ulimini zikiacha ubaridi. Ni nyepesi, hazimwagiki, na zinagawanyika kwa binamu wote.