Nimwelezeje Rafiki Yangu Aliyepigana Vita vya Kagera?

SWALI

Ndugu mhariri, salaam. Rafiki yangu wa tangu ujanani amefariki dunia, na familia yake imeniomba nitoe neno siku ya arobaini. Alikuwa miongoni mwa vijana wa mgambo waliochukuliwa wilayani kwetu kwenda Vita vya Kagera, vile vya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, na aliporudi alishika jembe, akaoa, akapanda michungwa, wala hakupenda kuzungumzia vita. Mimi sikwenda, nilikuwa nafundisha shule ya msingi. Katika miaka yote ya urafiki wetu alinisimulia jambo moja tu kwa kirefu, kwamba usiku mmoja mahali panapoitwa Lukaya, makombora yalipoanza kulia juu ya vichwa vyao, yeye na wenzake walikimbilia kwenye kinamasi, na kulipokucha wakarudi kupigana. Alilia aliponieleza, na hakulirudia tena.

Wanawe wanataka nimtaje kuwa shujaa asiyejua hofu, na mmoja wao anataka siku hiyo avae kombati ya baba yake, ambayo bado imo sandukuni. Sitaki kumvunjia heshima rafiki yangu, na sitaki kusema uongo mbele ya watu waliomjua. Niseme nini, niache nini? Na kombati je?

Mwalimu mstaafu, Muheza

JIBU

Mwalimu, pole sana kwa msiba huu, na Mwenyezi Mungu amrehemu rafiki yako.

Nianze na Lukaya, kwa sababu naona hapo ndipo penye uzito wa barua yako. Aliyokusimulia yanalingana na yanayojulikana kuhusu vita hivyo. Jioni ya Machi 10, 1979, jeshi letu likiwa limekwisha kuuteka mji wa Masaka, kusini mwa Uganda, na linaelekea Kampala, Brigedi ya 201 ilikutana Lukaya na kikosi kilichokuwa na askari wa Libya waliotumwa kumsaidia Idi Amin. Barabara ya kutoka Masaka hupita hapo katikati ya kinamasi kikubwa, na Walibya walikuwa na vifaru pamoja na mizinga ya roketi aina ya Katyusha, ambayo mlio wake peke yake ulitosha kumtoa mtu roho. Sehemu kubwa ya brigedi ile ilikuwa vijana wa mgambo kama rafiki yako, ambao miezi michache tu nyuma walikuwa mashambani na viwandani, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuonja vita. Roketi nyingi zilipita juu bila kuwadhuru, lakini walitawanyika gizani. Usiku huo Brigedi ya 208 iliamriwa izunguke ili iwatokee Walibya kwa upande wa kaskazini-magharibi, na alfajiri ya Machi 11 brigedi hiyo ikashambulia kutoka upande wake, huku wale wale wa 201 waliotawanyika, wakiwa wamekwisha kujikusanya upya, wakishambulia kutoka kusini. Adui alishindwa vibaya. Njia ya Kampala ilifunguka, Entebbe ikatekwa Aprili 7, na Kampala ikaanguka Aprili 11.

Ninayaeleza haya kwa urefu ili wanawe wayasikie kwa mpangilio wake. Kijana aliyekimbia usiku akiwa na haki yote ya kuogopa, kisha akatoka kwenye matope na kurudi asubuhi mahali pale pale alipoogopea, amefanya jambo zito kuliko yule asiyejua hofu, na kusema kweli huyo asiyejua hofu sijapata kumsikia akisimuliwa na askari yeyote aliyefika vitani. Wakimwita baba yao hivyo watakuwa wamemnyang'anya lile tendo lake kubwa na kumpa sifa ambayo yeye mwenyewe hakuidai hata siku moja.

Hata hivyo, alikueleza huku akilia, na machozi yale yalikuwa amana. Usiyapeleke mbele ya jamaa kabla hujazungumza na mjane wake, faragha, wala si katikati ya shughuli. Huenda yeye anayajua mengi zaidi yako, na huenda hajui lolote, na katika hali zote mbili ana haki ya kuyasikia mwanzo na kuamua. Akiridhia, yaeleze kwa maneno machache kama alivyokueleza. Akikataa, sema tu kwamba alikuwa Lukaya na kwamba alipigana katika mapambano ya Machi 11, kisha uishie hapo, kwani hilo nalo ni kweli na ni heshima tosha. Machozi yake yaache, hata mjane akiridhia.

Jambo jingine ninalokuomba ulichunge ni kutolijaza pengo lililoachwa na ukimya wake. Misibani nimewasikia wazungumzaji wenye nia njema wakimpeleka marehemu Mtukula, Masaka, Mbarara, Kampala na hata mpaka wa Sudan, ambako jeshi letu lilifika mwanzoni mwa Juni 1979, kana kwamba mtu mmoja angeweza kuwa na kila brigedi. Jeshi lilisonga kwa njia zaidi ya moja, na waliokwenda magharibi kuelekea Mbarara si wao waliokuwa Lukaya. Taja alipokuambia kuwa alikuwapo. Kwa mengine, watafute wenzake wa mgambo waliochukuliwa pamoja naye, kama wamebaki, uwaombe waje siku hiyo, uwakalishe mbele, na mmoja wao apewe nafasi ya kusema kabla yako. Waulize pia majina ya vijana wa Muheza waliokwenda pamoja naye wasirudi, na uombe waombewe dua pamoja naye. Nadhani hilo angelipenda kuliko sifa zake mwenyewe.

Na tafadhali, Mwalimu, vita visimeze maisha yake yote. Vilichukua miezi, naye ameishi miongo mingi baada yake. Wewe unayo ambayo hakuna mwenzake wa vitani anayoweza kuyasema, yaani namna alivyokuwa kabla hajaondoka na namna alivyorudi. Alirudi kwenye nchi iliyokuwa imeishiwa. Mwalimu Nyerere alikuwa amewaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, sabuni na sukari vikawa vya kupangiwa foleni, na vijana wale wa mgambo waliingia kwenye dhiki ile pamoja nasi sote, wakashika majembe kimya kimya. Simulia alivyopanda michungwa ile. Simulia alivyokuwa kwa watoto wa jirani, alivyokuja kwako ulipofiwa au ulipougua, na kama kulikuwa na jambo alilokuwa akiliepuka, kwa mfano milio ya fataki au mazungumzo ya vita redioni, liseme kwa upole, kwa sababu wanawe huenda waliliona utotoni bila kulielewa.

Kuhusu kombati, nakushauri waziwazi kwamba kijana asiivae. Sare za jeshi haziruhusiwi kuvaliwa wala kumilikiwa na raia, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi lilitoa tangazo likiwapa raia siku saba kuzisalimisha. Mwanawe anaongozwa na mapenzi kwa baba yake, lakini mapenzi hayo hayatamsaidia akiulizwa barabarani. Aende na ndugu zake kwenye ofisi ya mshauri wa mgambo wa wilaya, aeleze ilivyopatikana, naye atawaelekeza pa kuikabidhi. Siku ya arobaini wekeni picha yake mezani, pamoja na medali na karatasi zake za utumishi kama alikuwa nazo, na nakala za karatasi hizo ziwe kwa kila mtoto.

Kama wanawe wanatamani kumfanyia baba yao jambo kubwa zaidi, kuna makaburi ya mashujaa wa vita vile huko Kaboya, wilayani Muleba, mkoani Kagera, na kila Julai 25 taifa huadhimisha Siku ya Mashujaa. Safari kutoka Muheza ni ndefu, na eneo lile liko chini ya jeshi, kwa hiyo waulizie utaratibu wa kuingia katika ofisi hiyo hiyo ya mshauri wa mgambo mapema kabla ya kukata tiketi, na wabebe orodha ya majina mtakayokuwa mmepewa na wenzake.